Nilimchora Mama Mkwe Akiwa Amelala

Nilikosa. Nalisema mapema ili usinionee huruma, halafu ufike katikati uanze kujuta. Ni kweli nilisalitiwa, tena na rafiki, na nitakueleza vile alinifanyia mpaka wewe mwenyewe utamani kumshika shati. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu. Mkono uliochora ni huu huu ninaoandikia.

Jina langu halina haja. Mimi ni mwanamume wa Migori, nina mke na mtoto mmoja wa kike, Bella, na kazi yangu ni kuandika na kuchora kuta za maduka. Ukiona ng'ombe mwenye miguu mitano kwa mlango wa bucha, huyo si wangu. Wangu ana miguu minne na anakutazama usoni. Najisifu kidogo, nisamehe, ni hiyo sifa iliyonimaliza.

Tulikuwa tumehamia Homa Bay kwa sababu ya kazi. Huko nikampata mtu tuliyesoma naye shule ya msingi. Nitamwita Odhis. Si jina lake, ingawa anastahili niliandike lote, na la babake juu.

Odhis alikuwa amesomea uchoraji Nairobi, akarudi na nywele ndefu na maneno marefu. Alikodi chumba karibu na ziwa, akajaza picha. Siku ya kwanza kuingia nilisimama mlangoni kama mtu aliyeingia kanisa si lake. Yawa! Alikuwa amechora nyanya kwa sahani, na ile nyanya ungeweza kuinusa.

"Hii ni rangi gani?" nikamuuliza.

"Rangi ya mafuta."

"Omera, ndugu yangu, rangi ya mafuta naijua. Si ndiyo ya kupaka mageti?"

Alinicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha tyubu ndogo ndogo kama za dawa ya meno, na chupa ya mafuta ya kulainisha, na tapentaini. Akaniambia, "Wewe ni fundi, lakini hapa unaanza darasa la kwanza."

Nikakubali. Nilitaka sana, siwezi kukuficha. Nimeandika "Karibu Wateja" maisha yangu yote, na nilichoka kuwa mtu ambaye kazi yake inapigwa na jua mpaka inakufa.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa kunakili. Alinipa picha iliyokatwa kwenye kalenda kuukuu, kazi ya mchoraji mmoja wa Uholanzi wa zamani sana. Ndani yake kuna jiko la giza, na mwanga unaingia kwa dirisha dogo upande wa kushoto. Bibi mmoja wa Kizungu amesinzia mezani, mkono umeshika shavu. Mbele yake kuna samaki ambao hajamaliza kuwaparua, na paka anavuta mmoja kwa mkia. Mlangoni wamesimama watu wawili wanamcheka.

"Hawa wa mlangoni ndio utamu wenyewe," Odhis akasema. "Matajiri wa wakati huo walipenda kucheka watumishi wavivu. Wananunua picha, wanaweka ukutani, wageni wakija wanacheka."

Nilisikia hayo maneno kwa masikio yangu mawili. Kumbuka hilo unaponihukumu.

Tukawamba kitambaa cha amerikani kwenye fremu, tukakipaka nyeupe. Nikachora miraba juu ya picha ya kalenda na miraba mikubwa juu ya kitambaa, nikahamisha mraba kwa mraba. Kisha unaanza na kahawia iliyotiwa tapentaini, nyepesi kama chai ya mkandarasi bahili, unaweka giza lote kwanza. Halafu unangoja ikauke. Halafu unaweka nyingine, nzito kidogo, unangoja tena. Mimi niliyezoea kumaliza duka kabla ya chakula cha mchana, kule kungoja kulinitesa.

Sufuria zilinikubali. Paka alinikubali. Hata samaki walinikubali, maana samaki nawajua. Lakini yule bibi, ala! Alikataa kabisa. Nilimpaka waridi akawa mdoli. Nikamfuta, nikampaka manjano, akawa mgonjwa. Hata usingizi wake ulikuwa wa uongo, alikaa kama mtu anayepigiwa picha ya kitambulisho macho yamefungwa.

Nikawaacha wale wawili wa mlangoni bila kuwachora kwanza. Nilisema nitamaliza bibi ndipo niwafikie.

"Unanakili kalenda, humwangalii mtu," Odhis alikuwa ananiambia. "Umewahi kuona mtu mzima amelala ameketi? Angalia shingo inavyoachia. Tafuta mtu unayemjua, umtazame, kisha urudi hapa."

Sasa hapo ndipo mama mkwe anaingia.

Mama mkwe wangu ni wa Muhuru Bay. Ni mwanamke wa omena. Kabla jogoo hajafungua mdomo yeye ameshafika ufukweni kupokea mitumbwi, na jua likitoka ameshatandaza omena kwenye nyavu. Amesomesha watoto wake kwa hao samaki wadogo, mke wangu akiwemo. Mvivu? Mungu wangu, huyo mama hata kuketi kwenyewe huketi kama anaomba ruhusa.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, yote mawili, mtoto wa jicho. Mke wangu akambembeleza sana aje Homa Bay atibiwe. Akaja. Hospitalini wakamfanyia upasuaji jicho moja, wakasema la pili lingoje hili lipone.

Kama wewe si Mjaluo, nikueleze kidogo. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna mpaka. Hatupeani mikono ovyo. Hali mbele yangu, sili mbele yake. Halali nyumbani kwangu mpaka mambo fulani ya kwao na ya kwetu yatimizwe, na mimi nilikuwa sijayatimiza. Kwa hiyo usiku alilala kwa mama mmoja wa kanisa lao, Msabato mwenzake, nyuma ya kwetu kidogo tu. Asubuhi mke wangu anaenda kumchukua, anashinda kwetu.

Na anaposhinda kwetu, anashinda jikoni. Jiko letu liko uani, peke yake. Mama akiwa humo, mimi siingii. Nikitaka kitu, nakohoa nikiwa mbali, mke wangu anatoka kuniletea. Ni heshima ya kawaida, hakuna aliyenifundisha kwa kitabu. Na mama alilipenda jiko kwa sababu hiyo hiyo. Alijua mle ndani mkwe hawezi kumkuta. Mle anaweza kuvua kilemba, kunyoosha miguu, kupumua.

"Ora," aliniita hivyo kwa ukarimu, yaani mkwe, akiongea akitazama pembeni, "nyumba yako ina baridi nzuri."

"Asante mama," nami nikitazama chini.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Na nilimpenda, usidhani vinginevyo. Wakati sina kazi, ni yeye aliyemwambia mke wangu anivumilie.

Siku hiyo nilirudi nyumbani mchana kuchukua brashi. Mke wangu alikuwa ameenda kwa duka la dawa kuchukua matone ya jicho. Nikapita uani. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nusu.

Nilipaswa kukohoa. Jamani, kukohoa tu!

Sikukohoa. Nilichungulia.

Alikuwa amelala kwenye kigoda kirefu, kiwiko juu ya meza, shavu kwenye kiganja. Jicho moja lilikuwa na bandeji nyeupe. Kilemba kilikuwa kimeanguka begani, na nywele zake za mvi, ambazo sikuwahi kuziona tangu nioe, zilikuwa wazi. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mbele yake palikuwa na sinia la omena aliokuwa anawachagua, na paka wa jirani alikuwa ameshaingiza mguu. Mwanga ulitoka kwa dirisha letu dogo la upande wa kushoto.

Uwi! Nilidhani nimerogwa. Ilikuwa ile picha! Ile ile, mpaka paka!

Mtu mwenye akili angerudi nyuma polepole. Mtu mwenye akili zaidi angepiga kelele ya kumfukuza paka akiwa mbali, mama aamke, ajifunike, mambo yaishe. Mimi niliokota kipande cha boksi la sabuni, nikatoa penseli ya kazi kwa sikio, nikasimama mlangoni nikachora. Nikachora shingo inavyoachia. Nikachora mkunjo wa shavu. Sketi ilikuwa imepanda juu ya goti na mwanga ulikuwa unagonga mguu vizuri, nikachora na mguu.

Hata simu sikuitoa. Nilijidanganya kwamba kwa vile si picha ya simu, si kitu kikubwa. Unaona vile shetani anavyojua kuongea na fundi?

Nilisimama mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Halafu nikaondoka, na nikamwachia paka omena.

Sitakuficha, picha ilitoka. Ilitoka mpaka nikaogopa. Odhis alinionyesha kwamba ngozi yetu si kahawia peke yake, kuna kijani chini, kuna zambarau kwa kivuli, kuna dhahabu kwa paji la uso. Nikaweka. Yule bibi wa kalenda akaondoka, mama akaketi mahali pake. Alikuwa amelala kweli kweli, ungetaka kunyamaza ukiwa karibu naye.

Odhis alisimama mbele ya ile picha kimya. Ni mara ya kwanza nilimwona kimya.

"Huyu ni nani?"

Hapo ningesema uongo. Lakini sifa, ndugu yangu, sifa! Nikamwambia.

"Mama mkwe?" Akashika kichwa. "Omera, wewe umeenda wazimu?"

"Ni ya kujifunza tu. Nitamfuta uso, nirudishe wa yule Mzungu."

"Usifute sasa. Chini bado ni mbichi, ukigusa yote itakuwa matope. Wacha ikauke vizuri kwanza."

"Na ikae wapi? Nyumbani haiwezi kuingia."

"Ikae hapa. Mimi pia nina mama mkwe, kwani sijui? Haitoki kwa huu mlango. Naapa kwa kaburi la baba."

Babake nilimzika mimi pia, nilishika jembe. Ningemkataliaje mtu aliyeapa hivyo?

Mama akarudi Muhuru Bay kungoja siku ya jicho la pili. Mimi nikapata kazi Isebania, ukuta mrefu wa ghala kule malori yanakopumzika kabla ya kuvuka mpaka wa Sirare. Nikaenda kukaa huko. Nilikuwa juu ya ngazi, nimebakisha herufi za mwisho, simu ikalia. Mke wangu.

"Baba Bella, uko wapi?"

"Kazini. Kwani?"

"Shuka chini ya hiyo ngazi."

Nikashuka. Sauti yake haikuwa ya kugombana. Ingekuwa ya kugombana ningejua la kufanya.

"Nimetumiwa picha na dada yangu. Iko Mbita, kwa hoteli ya samaki, bango kubwa. Mama yangu amelala mdomo wazi. Ni nani amefanya hivi?"

Na hapo, badala ya kusema ukweli, nikasema, "Sijui. Labda ni Odhis, si yeye ndiye mchoraji?"

"Hiyo jiko ni ya nani?"

Nikaanza kufunga kopo la rangi.

"Hiyo sufuria imevunjika sikio ni ya nani? Odhis aliingia lini kwa jiko yangu?"

Alikuwa hajamaliza.

"Na huyo mtu amesimama mlangoni anacheka, Baba Bella, ni nani?"

Mtu mlangoni? Mimi sikuchora mtu yeyote mlangoni! Nikamwambia anitumie. Ikafika. Nikaifungua nikiwa nimesimama kwa jua la Isebania, nikakaa kwa mawe.

Odhis alikuwa ameimalizia. Pale mlangoni nilipoacha wazi, alikuwa amemweka mtu mmoja, kidole kinamwonyesha mama, meno yote nje. Na uso ulikuwa wangu. Uso wangu mimi! Aliujua vizuri, ameutazama tangu utotoni. Chini wameandika kwa herufi kubwa: MAMA AMECHOKA KUPIKA. KUJA UKULE HAPA.

Sasa fikiria Mbita ni wapi. Wanawake wa omena wa ziwa lote wanapita pale. Wanaomjua mama, wanaomuuzia, wanaomheshimu, wanaosali naye. Wote waliona goti lake. Wote waliona mkwe wake anamcheka.

Kazi niliiacha na herufi mbili hazijaandikwa. Nilifika Mbita kabla ya kwenda popote. Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja mpole, hakujua lolote. Alidhani ni picha ya kuchekesha tu. Nilipomwambia yule aliyelala ni mama wa mke wangu, alishika mdomo, akaita vijana, akapanda meza mwenyewe kulikata lile bango. "Pole, baba, pole sana," alikuwa anasema. Lakini tulikuwa tunashusha kitambaa tu. Picha ilikuwa imeshaingia kwa simu za watu.

Kisha nikaenda kwa Odhis. Nilienda nikijua nitampiga. Nilimkuta anapaka rangi, ametulia, hata redio imewashwa.

"Uliapa kwa kaburi la baba yako!"

"Kaa chini kwanza."

"Siketi! Wewe ni Mjaluo kama mimi! Mzungu angefanya hivi ningesema hajui!"

"Omera, kazi ilikuwa nzuri sana kukaa gizani. Mimi nilipiga tu picha nikawaonyesha watu wa hoteli. Walipenda wenyewe. Na kwani ile picha ilikuwa imekamilika? Kwa kalenda kuna watu mlangoni. Nilikumalizia somo."

"Kwa uso wangu?"

Akaweka brashi chini. Akanitazama, na sitasahau vile alivyonitazama, bila haya hata kidogo.

"Si ulisimama hapo?" akasema. "Wakati unamchora, ulikuwa umesimama wapi?"

Nilikuwa nimekunja ngumi. Haikwenda. Yawa, mtu anakuchoma kisu halafu anakuonyesha kwamba mpini ni wako! Sikucheka siku ile, Mungu ni shahidi. Lakini nilisimama pale pale, na hicho hakuna mahakama itanifutia.

Namchukia mpaka leo. Nasema wazi, mchungaji anisamehe. Alinila nikiwa namwamini, na juu ya hayo akanipa somo. Tukikutana barabarani nageuza njia.

Nilichukua ile picha yenyewe nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikaanza kukwangua uso kwa kisu cha rangi. Juu ilikuwa imeshika ngozi kavu, chini bado ilikuwa laini. Ilinitoka kwa vidole, kahawia, kijani, dhahabu. Nililia huko peke yangu kama mtoto aliyenyimwa chakula.

Mke wangu nilimkuta ameshafunga nguo. Mtoto alikuwa amevaa viatu vya kanisa. Sikupata tusi hata moja.

"Naenda kwa mama," akasema. "Amesema haji tena huku. Jicho la pili ameliacha."

"Ameliacha vipi? Atapofuka!"

"Mwambie wewe."

Hiyo ndiyo ilinitoa Homa Bay. Aibu ningeivumilia, hata kutengwa ningevumilia. Lakini mama apoteze jicho kwa sababu ya boksi la sabuni na penseli? Nikaenda Muhuru Bay. Sikutuma mtu mbele, sikubeba chochote. Nilitaka kuanguka magotini nimwombe arudi hospitalini, baada ya hapo anifanye atakavyo.

Nilimkuta ufukweni, anageuza omena kwenye nyavu. Bandeji ilikuwa imetoka. Wanawake wengine waliponiona walinyamaza mmoja mmoja, mpaka nikawa nasikia tu samaki wakikwaruza chini ya fimbo. Mke wangu alikuwepo. Hakunisogelea.

Mama hakugeuka. Alinipa mgongo, akaendelea na kazi. Nikasimama mbali, mahali mkwe anaposimama, nikasema yote. Nikasema nimekosa. Nikasema Odhis alinisaliti, nikalitaja jina lake lote pale, nikasema ni yeye aliyepeleka Mbita, ni yeye aliyeandika yale maneno, ni yeye aliyenichora nikicheka. Nikamwomba arudi kutibiwa.

Alimaliza wavu mzima kabla ya kusema kitu. Halafu akamwita mwanamke mmoja, rafiki yake wa karibu, nitamwita Min Akinyi, yaani mama wa Akinyi. Akaongea naye kwa sauti ya chini, ingawa sote tulisikia.

"Niulizie mkwe wangu. Siku ile nikiwa nimelala, nilikuwa nimefunika miguu?"

Woi!

Min Akinyi akanigeukia. Huyo mama alikuwa ameiona picha. Nilijua kwa vile alivyoniangalia. "Anauliza, alikuwa amefunika miguu?"

Nilimwona mke wangu akiinamisha kichwa. Nikafikiri haraka haraka: mama hana macho mazuri, hajaiona picha, anataka tu moyo wake utulie. Kumwambia ukweli ni kumuumiza mara ya pili. Nikajiambia hii ni huruma.

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Alikuwa amejifunika vizuri. Mpaka chini."

Min Akinyi akamgeukia mwenzake, akasema bila kutikisika, "Anasema ulikuwa umejifunika vizuri, mpaka chini."

Hapo mama akageuka. Tangu nioe binti yake, ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni moja kwa moja, kwa lile jicho moja lililopona. Hakumtumia mtu tena.

"Ora," akasema, "ugonjwa wangu ni wa macho. Masikio yangu ni mazima. Nilishaambiwa yote. Nimeambiwa mpaka rangi ya sketi, mpaka mahali ilipofika. Sikukuuliza ili nijue hiyo."

Akapangusa mikono, akaendelea.

"Huyo rafiki yako simjui, hanijui. Hakunikosea mimi. Nilikuuliza nijue kama bado nina mkwe."

Akachukua fimbo yake, akarudi kwa omena.

Sikumbuki nilivyotoka pale. Nakumbuka tu mke wangu hakunisindikiza.

Jicho la pili alifanyiwa baadaye, nashukuru Mungu, lakini Kisii, mbali na mimi, na watoto wake wengine ndio waliompeleka. Sikuambiwa siku. Nilisikia limeshapona. Mke wangu na Bella bado wako Muhuru. Tunaongea kwa simu kuhusu karo na homa ya mtoto, mambo hayo tu. Nikimuuliza atarudi lini anasema, "Bado naangalia." Wazee wa kwetu wameenda mara kadhaa kuniombea. Wanapewa chai, wanasikilizwa, wanarudi.

Siku moja nilimuuliza mke wangu, mama yuko aje. Akaniambia kwamba siku hizi mama hasinzii mchana. Zamani akichoka aliegemea tu hapo nyavuni, au kwa jirani, au kanisani baada ya ibada, anapitiwa kidogo, anaamka anaendelea. Sasa hawezi. Anakaa wima, anabana macho yafunguke, anatazama mlango. Hata nyumbani kwake mwenyewe. Hilo nililichukua mimi, na sijui nimrudishie na nini.

Rangi nilizigawa. Nimerudi kwa maduka, "Karibu Wateja", na kuku na ng'ombe. Watu husifu ng'ombe wangu. Nasema asante.

Wewe unayesoma hii ukitafuta wa kumlaumu, mlaumu Odhis nusu, nimekuruhusu, na unisaidie. Nusu ya kwanza ni yangu. Kijana unayejifunza kuchora, au unayetembea na simu mkononi kila saa: ukimkuta mtu mzima amelala kwako, kohoa. Asipoamka, mfunike utoke. Ukimtaka kwa picha yako, ngoja aamke umwombe, na akikataa, umeze tamaa yako.

Na kama umeshakosa, kama mimi, halafu uliyemkosea akupe swali, hata liwe dogo la kuchoma vipi, mjibu ukweli. Pengine jibu analo tayari. Anayetafutwa hapo ni wewe.